CalculiX na hesabu za mguso: ya bure, lakini humwachia mtumiaji kazi ya kufikiri

CalculiX ni programu ya bure ya kukokotoa mikazo kwa mbinu ya elementi finiti (inayogawa kipande katika vijisehemu vidogo, yaani elementi, vinavyounganishwa kwenye vituo viitwavyo nodi, na vyote pamoja huitwa wavu), iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, wahandisi wa kampuni ya injini za ndege ya MTU Aero Engines mjini Munich, Ujerumani. Hapa ninahakiki sehemu yake moja tu, ile ya mguso kati ya vipande vinavyosukumana, kwa sababu ndiyo inayowakwamisha watumiaji wengi.

Kabla ya hesabu kuanza, programu haijui ni wapi nyuso zitagusana na wapi zitaachana, hivyo hulazimika kukisia, kukokotoa, kukagua na kurudia hadi majibu yatulie. Kwa njia yake ya kawaida, CalculiX huweka springi ngumu kati ya nyuso mbili, na uso mmoja ukizama ndani ya mwenzake, hata kidogo, springi hizo huusukuma utoke. Ugumu wa springi hutajwa na mtumiaji, na mwongozo hupendekeza mara 5 hadi 50 ya moduli ya Young, yaani kipimo cha ugumu wa nyenzo yenyewe. Kwa chuma chenye moduli ya 210,000 N/mm², mara 50 ni 10,500,000 N/mm³ (shinikizo kwa kila milimita ya kuzama), na shinikizo la 100 N/mm² litazamisha uso kwa takriban milimita 0.00001, kiasi kisicho na madhara yoyote karakanani. Hata hivyo, programu haijui kama namba ni za milimita au za mita. Mhandisi anayefanya kazi kwa mita na kufuata kanuni hiyohiyo kwa namba zake atapata springi laini mara 1,000, na uso wake utazama karibu milimita 0.01. Katika bushi iliyokazwa kwenye tundu kwa tofauti ya milimita 0.03 ya nusu kipenyo, hiyo ni theluthi ya mkazo inayopotea bila onyo lolote, na kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote. Kwa upande mwingine, kupandisha ugumu kupita kiasi hakuongezi usahihi wa maana, bali huzidisha marudio hadi hesabu ishindwe kutulia.

Kipimo cha haki ni fomula ya Heinrich Hertz ya mwaka 1882. Tufe la chuma lenye nusu kipenyo cha milimita 10, likikandamizwa kwa N 100 juu ya bamba bapa la chuma, hugusa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 0.19 hivi, na shinikizo la katikati hukaribia 1,370 N/mm². Wavu wenye elementi za milimita 0.2 hauwezi kuliona duara hilo, kwa hiyo elementi za mahali pale zinapaswa kuwa ndogo kama mara kumi zaidi. Mtu akipata jibu baya kwa wavu mpana asiilaumu programu.

Kati ya njia zilizopo, ninapendekeza ile ya uso kwa uso, inayokagua mguso kati ya nyuso mbili, badala ya nodi kwa uso, inayokagua nodi za uso mmoja dhidi ya uso wa pili. Kwenye elementi za nodi 20, shinikizo lililo sawa kila mahali huzipa nodi zilizo kwenye pembe za elementi nguvu zinazoelekea upande wa pili, na njia ya nodi kwa uso huchanganyikiwa hapo. Kati ya nyuso mbili, mmoja huitwa tegemezi na mwingine mkuu, na wenye elementi ndogo zaidi ndio uwekwe kuwa tegemezi. Kipande kinachoshikiliwa na mguso peke yake, ambacho mwanzoni bado kina upenyo mdogo mbele yake, huelea na kuivunja hesabu, ndiyo maana kuna agizo la ADJUST la kusogeza nodi tegemezi hadi zifike kwenye uso mkuu.

Kuandika maagizo haya kwa mkono katika faili la maandishi kunachosha. Kwa mtumiaji wa Windows, PrePoMax, ambayo nayo ni ya bure, huzitafuta yenyewe jozi za nyuso zilizokaribiana, na huko ndiko ningemwelekeza anayeanza, mradi aendelee kulifungua faili la cvg, ambalo kwa kila rudio huonyesha idadi ya elementi za mguso. Idadi hiyo ikipanda na kushuka bila kukoma, kusubiri zaidi hakusaidii. Apunguze hatua ya mzigo au ugumu wa springi.