Ulanzi wa vilabuni Iringa: ladha, usafi na madhara yake mwilini

Kuanzia mvua za Januari hadi kuelekea Mei, vilabu vingi vya pombe vya kando ya mji wa Iringa na vya vijiji vya Kilolo na Mufindi huuza ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, na lita moja hupatikana kwa bei iliyo chini sana ya chupa ya bia. Nimeutathmini ulanzi wa kilabu kimoja cha aina hiyo kama bidhaa yoyote ya kunywewa inavyostahili kutathminiwa: ladha yake, usafi wake, huduma ya wanaouuza, na yale unayoyafanya mwilini baada ya kikombe kurudishwa mezani. Kilabu chenyewe sitakitaja kwa jina, kwa kuwa hakitofautiani sana na vingine, na dosari kubwa niliyoikuta hapo ni ya biashara nzima: mnunuzi hana njia ya kujua ni kiasi gani cha kilevi kimo katika lita anayoilipia.

Kwa upande wa ladha sina la kulalamikia. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi lingali changa, hutundika chini ya mkato huo mbeta, yaani chombo cha pingili ya mwanzi, kisha hurudi asubuhi na jioni kukata upya ili utomvu usikome kudondoka. Ukinywewa mapema, ulanzi huitwa mtogwa, nao ni mtamu na mwepesi, una harufu ya majani mabichi na povu kidogo. Ukikaa huwa mkangafu: utamu hupungua, ukali na uchachu huongezeka. Mtogwa nilioonja ulikuwa mzuri kwa kweli, na sijui soda inayoukaribia. Kinachouchachua ni hamira za asili zilizomo hewani na ndani ya mbeta, ambazo hula sukari ya utomvu na kutoa ethanoli, ambayo ndiyo kilevi, pamoja na hewa ya kaboni. Kazi hiyo huanza ulanzi ungali mwanzini, kabla mgema hajaushusha. Kwa hiyo hata mtogwa, ambao wengi huuhesabu kuwa juisi, haukosi kilevi.

Usafi haukuniridhisha. Vikombe vilisuuzwa katika ndoo moja ambayo maji yake hayakubadilishwa kwa muda wote niliokuwapo, na baadhi ya madumu yalibaki na harufu ya mafuta ya kula.

Huduma, kinyume chake, ilikuwa ya heshima. Mama muuzaji alitupokea kwa “kamwene”, salamu ya wenyeji, akatupisha kwenye benchi kabla hatujauliza bei. Nilipomwuliza, “Mama, huu umegemwa lini?”, alinijibu bila kuficha: “Mwanangu, hili dumu ni la leo asubuhi, lile ni la jana, na lile kubwa tumechanganya.” Jibu lake lilikuwa la kweli, na kwa sababu hiyohiyo lilinitia wasiwasi. Ulanzi wa jana unapomiminwa ndani ya ulanzi wa leo huingiza hamira zilizokwisha kuzaliana, na mchanganyiko huchacha kwa kasi zaidi kuliko ambavyo ulanzi wa leo ungechacha peke yake, hasa dumu likikaa juani. Aliyekunywa lita moja saa nne asubuhi na aliyekunywa lita moja saa kumi na mbili jioni kutoka katika dumu hilohilo wamelipa bei moja, wamekunywa kipimo kimoja, lakini hawakunywa kilevi kile kile.

Inafaa tufanye hesabu. Ulanzi uliokwisha kuchacha hufikia takribani asilimia 5 ya kilevi, sawa na bia ya kawaida. Lita moja ya nguvu hiyo ina karibu gramu 40 za ethanoli, na kwa kipimo cha gramu 10 kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, hivyo ni vipimo vinne katika jagi moja. Ini la mtu mzima huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala kahawa, supu ya moto au maji baridi ya kuoga hayaliharakishi. Dereva wa bodaboda anayekunywa lita mbili za mkangafu hadi saa tano usiku, akaamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta abiria, anaweza kupanda pikipiki yake akiwa bado na kilevi katika damu, ingawa yeye mwenyewe anaamini kwamba usingizi umekwisha kukiondoa. Kwa mwanamke, kiasi hichohicho huleta kiwango kikubwa zaidi katika damu, kwa sababu kwa kawaida mwili wake una maji machache zaidi ya kukizimua.

Nilisikia kilabuni hoja mbili za kuutetea ulanzi. Ya kwanza ni kwamba ni maji ya mwanzi, hauna kemikali, na husafisha figo. Ushahidi unaotolewa ni kwamba mnywaji hukojoa mara kwa mara. Ukweli ni kwamba kilevi huzuia homoni ya ubongo inayoziamuru figo kuhifadhi maji, ndiyo maana mkojo huwa mwingi na mnywaji huamka na kiu na kichwa kinachouma. Figo hazisafishwi kwa njia hiyo, mwili hukaushwa. Hoja ya pili ni ya baridi. Anayeijua Mufindi au Makete alfajiri hawezi kuidharau, lakini joto linalosikika baada ya kunywa hutokana na mishipa ya damu ya ngozi kutanuka, na damu iliyofika juu ya ngozi hupoteza joto lake haraka. Mlevi anayelala njiani usiku wa baridi yumo katika hatari kubwa kuliko asiyekunywa.

Ethanoli ya mwanzi haina tofauti na ile ya bia au ya konyagi. Ini huigeuza kwanza kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo kilevi huleta saratani; Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeviweka vinywaji vyenye kilevi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Saratani zinazohusishwa navyo ni pamoja na ya kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Ini la mnywaji wa kila siku hujaa mafuta kwanza, na hatua hiyo aghalabu hurekebika mtu akiacha kunywa kwa wiki kadhaa; asipoacha, huweza kufuata uvimbe, kisha makovu ambayo kwa sehemu kubwa hayafutiki. Shinikizo la damu hupanda, kongosho huweza kuvimba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Lililonisikitisha kuliko yote ni watoto. Nilimwona mtoto asiyefikia umri wa shule akipewa mtogwa katika kikombe cha mama yake, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa ni desturi iliyozoeleka katika kaya nyingi hasa msimu wa kilimo, wazazi wanaposhinda shambani na ulanzi ndio ulio karibu. Mtoto wa kilo 12 hana ini la mtu mzima, na kilevi kidogo tu chaweza kumshushia sukari ya damu hadi akapata degedege. Zaidi ya hayo, tumbo lililojaa ulanzi halina nafasi ya uji wa ulezi, maharage wala maziwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani asilimia 57 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30, na hii ni katika mkoa unaolima mahindi na viazi kwa wingi. Udumavu una sababu nyingi, na sisemi kwamba ulanzi ndio chanzo chake. Nasema kwamba mkoa wenye hali hiyo hauwezi kuendelea kuuhesabu mtogwa kuwa kinywaji cha mtoto. Kwa mjamzito onyo ni kali zaidi, kwa sababu kilevi hupita kwenye kondo la nyuma moja kwa moja na huweza kuharibu ubongo wa mtoto unaojengwa.

Pamoja na hayo yote, ningekirudia kilabu hiki mara chache kwa ajili ya mtogwa uliogemwa asubuhi hiyohiyo, nikiwa nimekula na nikiwa sina chombo cha kuendesha. Dumu lililochanganywa ningeliacha. Wauzaji wakiandika kwa chaki saa ya kugemwa juu ya kila dumu, wakaacha kuchanganya, na wakakataa kumpimia mtoto hata akitumwa na mzazi, watakuwa wameiboresha huduma yao bila kuongeza gharama yoyote ya maana.

Wapo wateja ambao bidhaa hii haiwafai kabisa. Utafiti wa viashiria vya VVU wa mwaka 2022/23 uliutaja Njombe kuwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na virusi hivyo, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6, maana yake benchi moja la kilabu laweza kuwa na mtu anayepaswa kumeza dawa usiku ule, na ulevi ni njia ya haraka ya kusahau dozi. Anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo zenyewe hulielemea ini, asiguse ulanzi mpaka amalize matibabu.

Kuna pia yule anayefika kilabuni alfajiri kwa sababu mikono hutetemeka asipokunywa. Huyo tayari ubongo wake umezoea kufanya kazi ndani ya kilevi, na akikatishwa ghafla anaweza kutokwa jasho, kupata degedege, na katika siku mbili au tatu kuona na kusikia yasiyokuwapo, hali inayoweza kuua. Ndugu zake wasimfungie ndani ili aache. Wampeleke hospitali ya wilaya au idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako hupewa dawa za kutuliza na vitamini B1 chini ya uangalizi, nao wamweleze daktari kwa uwazi ni lita ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na kama ni mtogwa au mkangafu.