Darasa la kuchora Tingatinga, Oysterbay, Dar es Salaam: nendeni hasa nyie msiojua kusema hapana

Aisee kama we ni mtu wa "haina shida" kila ukiombwa kitu, hili darasa litakugusa. Wanachora kwa rangi ya kung'aa kwenye ubao, mtindo aliouanza Edward Tingatinga 1968, na hiyo rangi haikauki haraka kwahiyo unakaa sana na picha yako. Mwalimu akaniuliza chui wangu awe rangi gani, nikamjibu yoyote utakayoona wewe, akaweka brashi chini akasubiri. Kifua kilinibana jamani, maana ukizoea kuridhisha watu hata unachokipenda unakisahau, na hasira zinajaa ndani huku unachekacheka tu. Nikachagua zambarau. Bei imechangamka kidogo ila vifaa wanatoa wenyewe na hakuna anayekuharakisha.