Fundi wa picha River Road: hagusi rangi ya ngozi yako

Kama umechoka na picha za twiga na machweo, kuna jamaa ako ghorofa ya pili River Road, Nairobi, jengo lenye mafundi wa simu chini, anachora kwa kanvasi na kuweka fremu hapo hapo. Mi nilimpelekea foto ya kitambulisho ya shosho imefifia mpaka masikio hayaonekani, juu studio ingine hapo tao ilikuwa imenirudishia mama mweupe kama amepakwa unga, ati ndio atokee vizuri. Huyu swali lake la kwanza lilikuwa shosho alikuwa mweusi wa aina gani, wa kung'aa ama wa kahawia, na nani kwa familia anafanana naye, ikabidi nimpigie anti video ya WhatsApp pale pale. Rangi nyeusi ya kopo haweki kwa ngozi kabisa, anasema inaua sura, anachanganya kahawia, nyekundu na buluu, na kweli ukikaribia unaona buluu kwa shavu, ukirudi nyuma ni shosho tu na yale macho yake ya kukupima.

Ukutani amejaza wapigania uhuru. Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, ndiye anaulizwa sana, na hapo ndio nilimpea heshima zake. Ile foto ya 1956 wote tunaijua, amelazwa chini na pingu mikononi baada ya kupigwa risasi na kushikwa. Jamaa hachori hiyo hata umwongezee doo. Anachukua uso tu, mwili anausimamisha, kama ile sanamu ya Kimathi Street yenye bunduki na kisu, iliyozinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe Kamiti. Mteja mmoja alikuwa anasumbua ati anataka "ile ya ukweli", akaambiwa hiyo aende saiba aprintiwe.

Sasa mabaya. Anakwambia Ijumaa na hasemi Ijumaa gani, na dipoziti ya nusu ushatuma M-Pesa. Fremu si mbao, ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, imebandikwa karatasi, kona ya yangu ilikuwa imeachana ingawa aliirekebisha bila kelele. A2 na fremu yake ni 4,500, watu wawili 7,000, na hashuki hata umwite mkubwa. Lifti hakuna, kwa hivyo ukiagiza ile kubwa kuja na mtu wa kukusaidia kubeba.