Siku mbili za kujifunza kushona vikwilti: nilichopata na nilichokosa

Nimeshona kwilti za kitandani, yale mablanketi ya viraka yenye tabaka tatu, kwa miaka sita. Nilipojiandikisha kwenye warsha ya siku mbili ya kushona vikwilti, zile kwilti zilizopunguzwa kila kitu hadi zikatosha kitanda cha mwanasesere au kipande cha ukuta juu ya meza, nilidhani nitakachoongeza ni subira tu. Nilikosea sana. Kikwilti kina hesabu yake, sindano yake na namna yake ya kupigwa pasi. Naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kulipia mafunzo ya aina hii, kwa sababu kuna mahali yalinipa zaidi ya nilichotegemea, na kuna mahali yaliniacha njiani.

Mwalimu hakuanza na cherehani. Alitandika mezani vitambaa viwili vilivyoshonwa, kila kimoja sentimita 40 kwa 40. Cha kwanza kilikuwa na bloku nne kubwa, yaani miraba ya mchoro unaorudiwa. Cha pili kilikuwa na bloku 64, kila moja sentimita 5. Akatuambia tuvipige picha kwa simu, kimoja kimoja, bila kuweka kitu chochote pembeni. Kwenye picha, cha kwanza kilibaki kitambaa kidogo cha kuwekea chungu. Cha pili ungeapa ni kwilti ya kitanda cha watu wawili iliyopigwa picha kutoka darini. Hapo ndipo nilipoelewa neno lenyewe. Maonyesho mengi huweka ukomo wa sentimita 60 hivi kila upande, lakini udogo wa nje peke yake hautoshi: bloku, maua ya kitambaa, mishono ya juu na hata upana wa ukingo, vyote lazima vipungue kwa pamoja.

Maua ya kitambaa yalitupotezea vitambaa vingi tulivyokuja navyo. Mwalimu alitugawia kadi ngumu yenye kidirisha cha sentimita moja katikati, tukawa tunaipitisha juu ya kila kitambaa. Ua lenye upana wa sentimita nne ukilitazama kupitia kidirisha kile unaona doa la rangi, huoni ua. Vilivyofaulu ni vile vyenye vidoti, vijani na mistari myembamba kama nywele, pamoja na vile ambavyo kwa mbali huonekana vya rangi moja. Kadi ile ninayo hadi leo kwenye kikapu changu cha vifaa.

Zoezi la kwanza lilikuwa bloku ya viraka tisa, kila kiraka sentimita moja baada ya kushonwa. Wanaoshona kwilti wanajua kanuni ya akiba ya mshono, kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa mshono: robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kwa hiyo kiraka cha sentimita moja kinakatwa karibu milimita 23. Sasa fuatilia hesabu hii, maana ndiyo iliyonifumbua macho. Mshono ukizidi kwa milimita moja, unakula milimita moja kwenye kila kiraka kati ya viwili unavyoviunganisha. Ni milimita mbili kwa mshono mmoja, na bloku ina mishono miwili kwa kila upande, kwa hiyo nne zimekwenda. Kwenye bloku ya kitandani ya sentimita 30, milimita nne unazivuta kwa vidole na pasi zikapotea. Hapa bloku nzima ni milimita 30. Yangu ilitoka na 27 upande mmoja na 29 upande wa pili, na mimi ni mtu ambaye nimekuwa nikijisifu kwa mshono ulionyooka.

Halafu kuna suala la akiba yenyewe. Kiraka cha katikati kina upana wa milimita 10, na kila upande kinabeba akiba ya milimita 6. Ukizilaza zote mbili ndani yake zinapandana, na katikati ya bloku panavimba kama jipu. Dawa yake ni kushona kwa robo inchi kama kawaida, kisha kuipunguza akiba hadi milimita 3, kisha kuufungua mshono kwa pasi ili nusu ilale huku na nusu kule.

Kwenye meza yangu alikaa mzee mmoja, fundi wa suti, aliyekuja kwa sababu mjukuu wake alimwomba kwilti ya mwanasesere. Aliposikia habari ya kupunguza akiba aliweka mkasi chini.

“Mwalimu, mteja akinenepa, akiba ndiyo inayoniokoa. Hapa unataka niikate niitupe?”

“Ndiyo, Mzee wangu. Hii haitavaliwa na mtu, hakuna atakayenenepa. Ila shona kwanza, kata baadaye. Ukikata milimita tatu kabla ya kushona, cherehani itakimeza kitambaa.”

Alijaribu kukata kabla, kwa sababu mafundi hawaamini mpaka waone. Kile kiraka kilizama kweli kwenye tundu la bamba la cherehani, na nyuzi zikajisokota kwenye bobini. Baada ya hapo tulimfuata mwalimu wote, yeye mbele.

Kitu kilichostahili ada yote kilikuja baada ya mapumziko ya mchana: kushona juu ya karatasi. Nilikuwa nimesikia habari zake, lakini kuiona ikifanyika mbele yako ni jambo jingine. Mchoro wa bloku unachapwa kwenye karatasi nyepesi, kila mstari mahali pake, na kila sehemu ina namba. Kitambaa kinakaa upande usio na mchoro, na wewe unashona upande wenye mchoro, sawasawa juu ya mstari. Vidole havina kazi ya kukisia tena. Usahihi unatoka kwenye karatasi.

Tulipewa bloku ya kibanda cha magogo, mtindo uliopata umaarufu mkubwa Marekani katika miaka ya 1860. Katikati kuna mraba, kwa desturi mwekundu, ambao husemwa ni moto wa jikoni. Vipande vyembamba, yale magogo, vinauzunguka: nusu ya bloku rangi za mwanga, nusu za kiza. Ya kwetu ilikuwa na mraba wa milimita 8 na mizunguko mitatu ya magogo ya milimita 7. Ukihesabu kutoka ukingo hadi ukingo unapata sita mara saba, ongeza nane: milimita 50 kamili, vipande 13 ndani ya eneo linaloingia kwenye kiganja cha mtoto.

Nieleze gogo moja tu, ili anayesoma aione kazi ilivyo. Unaweka mraba mwekundu nyuma ya karatasi, uso ukitazama nje, na unainua karatasi kwenye mwanga wa taa kuhakikisha kitambaa kimevuka mistari yote minne. Unalaza gogo la kwanza juu yake, uso kwa uso. Unageuza, unashusha mguu wa cherehani, unashona mstari, ukianza tundu mbili (hatua mbili za sindano) kabla na kumaliza tundu mbili baada. Unakunja karatasi kwenye mstari ule ule, unapunguza akiba hadi milimita 3, unarudisha karatasi, unalifungua gogo na kulikandamiza kwa pasi kavu. Mvuke hauruhusiwi, kwa sababu karatasi inajikunja na vipimo vyote vinahama. Kisha gogo la pili. Kisha la tatu. Urefu wa tundu ni milimita 1.5 badala ya 2.5 niliyoizoea, kwa hiyo inchi moja inabeba karibu mishono 17. Mishono iliyobanana hivyo inaitoboa karatasi kama stempu, na mwishoni inachanika bila kuvuta uzi. Mabaki ya pembeni yanatolewa kwa kibano, kipande kwa kipande, kazi ninayoipenda kupita kiasi. Tulitumia sindano namba 70 na uzi wa pamba namba 60, ambao ni mwembamba kuliko ule wa 50 ninaoutumia siku zote. Sikujua kwamba unene wa uzi nao unaiba nafasi ndani ya mkunjo wa kitambaa. Kwa mistari 12 ya mshono kwenye bloku ndogo namna hii, unaonekana kwenye rula.

Bloku yangu ya kwanza ilitoka na tundu pembeni kwa sababu gogo la tisa sikuliinua kwenye mwanga. Ya pili ilitoka milimita 50 pande zote nne. Niliipima mara tatu. Nilipoigeuza na kuona pembe zote zimekutana sawasawa, nilinyamaza kwa muda, maana kwa miaka sita sijawahi kutoa pembe kama zile.

Sasa malalamiko. Ada ilijumuisha pakiti ya vitambaa vilivyokwisha kukatwa, na magogo yake yalikuwa na upana wa milimita 20. Piga hesabu: gogo la milimita 7 pamoja na akiba ya 6 kila upande ni 19. Imebaki milimita moja ya kukosea, kwa mtu anayejifunza kwa mara ya kwanza kulaza kitambaa nyuma ya karatasi asikoona vizuri. Ukilipindisha gogo kidogo tu, halifiki kwenye mstari unaofuata na unafumua. Kufumua mishono ya milimita 1.5 ni adhabu, na kitambaa kinachakaa. Wawili kati yetu waliishiwa magogo ya kiza kabla ya saa kumi jioni. Nilipofika nyumbani nilikata yangu kwa milimita 25, na tangu hapo sijafumua gogo hata moja. Pakiti ya wanafunzi ingekatwa hivyo tangu mwanzo, tungeokoa karibu saa nzima.

Na saa hiyo tuliihitaji sana siku ya pili. Asubuhi tuliunganisha bloku tisa, tatu kwa tatu, tukapata sentimita 15, na mpaka wa sentimita mbili na nusu kila upande ukaifikisha 20. Kuunganisha tabaka tatu tulifundishwa vizuri. Ndani hatukuweka pamba nene, kwa sababu kikwilti chenye pamba nene hugeuka mto. Tuliweka flaneli moja, tukapiga bandi ili tabaka zisihame, kisha tukashona ndani ya mifereji ya mishono, pale vipande vinapokutana. Lakini ilipofika zamu ya ukingo, ule utepe unaofunga pembeni, zilibaki dakika 40, na mwalimu alilazimika kuonyesha kwa haraka kwenye sampuli yake huku tukiandika.

Hilo liliniuma, kwa sababu ukingo ndio unaokiumbua kikwilti. Kwenye kwilti ya kitandani tunakunja utepe mara mbili ili udumu. Kwenye kikwilti utepe huo unajaza tabaka nyingi mno, ukingo unasimama kama bomba na pembe zinakuwa vifundo. Unatakiwa utepe wa mkunjo mmoja, unaoonekana kwa milimita 3 au 4 tu, na pembe zake zinakunjwa kwa ncha ya sindano kabla ya kupigwa mshono wa mkono. Haya niliyaandika. Mikono yangu haikuyafanya pale darasani, na kitu cha mikono hakikai kwenye daftari. Nyumbani nilifumua pembe mbili, moja mara mbili, ndipo zikatulia.

Jambo jingine ni taa. Taa za darini peke yake hazitoshi kazi hii, na taa za mezani zilikuwa tatu kwa watu kumi na wawili. Kama macho yako yanachoka mapema, chukua taa yako ndogo, na sindano mbili tatu za ziada maana karatasi inazifanya butu upesi.

Ningemshauri nani aende? Mtu anayejua tayari kuendesha cherehani polepole na kushona mstari ulionyooka. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuja akiwa hajawahi kushona kitu, kwa kuwa tangazo lilisema warsha ni ya kila mtu. Alitia bidii hadi dakika ya mwisho, akaondoka na bloku mbili. Mwalimu alikuwa mpole kwake na hakumwacha nyuma, ila tangazo lingemwambia ukweli mapema.

Kabla ya kulipa, waulize maswali mawili: magogo ya pakiti yana upana gani, na ukingo umetengewa muda kiasi gani. Mimi niliwaandikia waandaaji kuhusu yote mawili, wakajibu kwamba warsha ijayo itaongezwa nusu siku kwa ajili ya ukingo. Nimeshajiandikisha kwa hiyo nusu siku. Yule mzee fundi naye amejiandikisha. Kwilti ya mjukuu wake imebaki bila ukingo, na anataka pembe zake zitoke kama za kola ya suti.