Ramani za zamani za bonde la Rondout kwenye topoView: uzoefu wangu

Kwa muda sasa nimezama kwenye ramani za zamani za bonde la Rondout, jimbo la New York, ulikopita mfereji wa Delaware and Hudson. Nimezipata bure topoView, tovuti ya USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, yenye ramani za topografia za Marekani kuanzia 1884. Kuzipakua ni rahisi: unagusa eneo, unachagua mwaka, basi.

Mfereji ulifunguliwa 1828 kusafirisha makaa ya mawe kutoka Honesdale, Pennsylvania, hadi mto Hudson. Maili 108, mashua zikivutwa na nyumbu. Ulifungwa 1898, na kufika 1902 reli ya kutoka Ellenville hadi Kingston ilishapita hapo, sehemu kubwa juu ya njia ileile ya nyumbu. Hayo niliyasoma siku nyingi, ila yaliniingia nilipofungua karatasi ya skeli 1:62,500. Reli inaandamana na kontua za kahawia, yaani mistari inayopita kwenye sehemu zenye mwinuko mmoja; zikipinda nayo inapinda. Maji hayapandi kilima, kwa hiyo wachimbaji walishika usawa mmoja mpaka kwenye lango la kuinulia mashua, na wajenzi wa reli wakaukuta usawa uko tayari. Nilikaa nayo mpaka usiku wa manane.

Tatizo lilinipata kwenye kuchapisha. Fundi aliipunguza ramani ienee kwenye karatasi, asiniambie. Mimi nikashika rula, nikijua inchi moja ni karibu maili moja, na vipimo vyangu vyote vikaharibika. Pembeni bado imeandikwa 1:62,500, lakini namba hiyo haifai tena. Cha kuamini ni ule mstari wa maili uliochorwa chini, maana wenyewe umepungua pamoja na ramani. Kabla ya kulipa, sisitiza ichapwe kwa ukubwa wake halisi.

Na tafadhali soma maandishi ya pembeni. Mwaka wa kupima ardhi na mwaka wa kuchapa ni vitu viwili, na kwa bonde lililobadilika kati ya 1898 na 1902, miaka minne inaweza kukuonyesha mfereji mahali penye reli.

Pakua GeoTIFF, faili la picha linalobeba pia mahali ramani inapokaa duniani, si JPEG. Niliifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, juu ya picha ya setilaiti. Treni za mwisho zilisimama 1957, lakini vipande vya mstari mweusi wa reli vimeangukia juu ya njia wanayotembea watu leo.