Dodoki Lisilo Mmea: Sifongo Mbili za Baharini Nilizonunua Arusha

Mwezi Machi nilinunua sifongo mbili za kuogea katika duka dogo la sabuni na mafuta ya asili hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Moja ilikuwa ya kahawia, kwa shilingi 28,000, na nyingine ya manjano iliyopauka, kwa shilingi 22,000. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniamkia, kisha akanihakikishia: “Mama, hili ni dodoki la baharini. Ni mmea mtupu, halina kemikali yoyote, na kila wiki unalichemsha tu.” Maneno hayo yalikuwa na makosa matatu, nami niliyemaliza miaka mingi nikifundisha biolojia niliyaacha yapite kwa sababu nilikuwa na haraka ya daladala.

Dodoki tunalolifahamu sote, lile linalotambaa kwenye ua na kuachwa likauke mpaka zibaki nyuzi, ni tunda la jamii moja na matango na maboga. Sifongo ni mnyama, ingawa hana mdomo, tumbo, misuli wala neva, na akishakomaa huishi pale pale aliposhika mwambani. Akiwa hai baharini ilitupasa kusema “sifongo huyu”. Kinachouzwa dukani ni kiunzi chake kilichooshwa, na ndiyo maana humu ninaandika “sifongo hii” bila kuona haya mbele ya walimu wenzangu wa Kiswahili.

Ya kahawia ilikuwa nyepesi na ngumu kama mkate uliosahaulika kabatini. Niliitumbukiza katika beseni la maji ya uvuguvugu, na kabla dakika haijaisha ilikuwa imevimba na kulainika kiasi cha kukunjika yote kiganjani, huku chembe za mchanga na kipande cha gamba la konokono zikishuka chini ya beseni. Ukiitazama kwa karibu utaona matundu ya aina mbili: vitundu vidogo vilivyotapakaa kila upande, ambavyo maji huingilia, na matundu makubwa machache ambayo maji hutokea. Ndani ya mnyama aliye hai, mirija inayounganisha matundu hayo huwa na vyumba vyenye seli zinazopiga vijimkia vyake bila kupumzika, zikivuta maji na kuchuja bakteria na chembe nyingine za chakula. Mfano unaotolewa sana katika vitabu vya zoolojia ni wa sifongo aitwaye Leuconia, ambaye akiwa na urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1 tu huchuja takriban lita 22.5 za maji kwa siku. Mirija iliyomlisha mnyama ndiyo leo inayobeba povu la sabuni, na kwa hilo ya kahawia haina mpinzani: sabuni kidogo hutoa povu jingi, na ngozi haikwaruzwi.

Si kila sifongo anafaa kuogea. Wengi wana vijiti vidogo vya silika au vya kalisi kaboneti ndani ya miili yao, na kujisugua navyo ni sawa na kujisugua na vumbi la kioo. Wale wa kuogea hawana vijiti hivyo. Kiunzi chao ni nyuzi za sponjini, protini ya ukoo wa kolajeni iliyo katika ngozi yetu wenyewe. Mnunuzi anayeogopa kuuziwa ya kiwandani anaweza kuchoma uzi mmoja: ya baharini hunuka kama nywele zilizoungua saluni, ilhali ya plastiki huyeyuka na kuganda kitone.

Ya manjano ndiyo iliyonisikitisha. Sifongo haipatikani ikiwa na rangi hiyo safi ya kupendeza. Hupaushwa kwa dawa, na dawa hiyo hudhoofisha nyuzi. Katika wiki ya tatu kingo zake zilianza kumeguka na kuziba tundu la maji bafuni. Nikadhani ni uchafu, na kwa kufuata ushauri wa duka nikaichemsha. Dodoki la mmea lingevumilia, lakini protini haivumilii: sifongo iliyokuwa na ukubwa wa chungwa ilitoka sufuriani imejikunja kama ndimu, ngumu, haifai hata kuoshea vyombo. Ya kahawia niliinusuru kwa sababu haikuenea kwenye sufuria. Hiyo huisuuza kwa maji baridi, naikamua bila kuisokota na kuitundika penye hewa.

Lebo inasema “Zanzibar” na kuishia hapo, jambo ambalo kwa bei hii halitoshi. Huko Jambiani, kijiji cha pwani kisiwani Unguja, kilimo cha sifongo kilianza mwaka 2009, na wanaokifanya ni wanawake, baadhi yao waliokuwa wakilima mwani kabla joto la bahari halijauharibu. Hukata vipande kutoka kwa sifongo mama, huvitundika kwenye kamba majini, na kila kipande hukua kuwa sifongo kamili. Uwezo huo wa kujijenga upya ni wa ajabu: mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sifongo kupitia kitambaa cha hariri mpaka zikatoka seli moja moja, nazo zikatafutana na kujiunga tena kuwa sifongo. Anayevuna kutoka mwambani bila kiasi ni mtu tofauti na mkulima wa namna hii, na mnunuzi ana haki ya kujua fedha yake inamfikia nani kati yao.

Ya kahawia ninaipendekeza, hasa kwa mwenye ngozi inayowasha au mtoto mchanga, ingawa kwa kusugua visigino dodoki la sokoni Kilombero hapa Arusha bado linaishinda, tena kwa bei ya chini mno. Ya manjano msinunue.

Juzi niliirudisha dukani ile iliyojikunja. Kijana alinirudishia nusu ya fedha bila ubishi, akaigeuzageuza mkononi, kisha akaniuliza kama kweli ni mnyama au ninamtania. Nikamwomba kibiriti.