Datsun 240Z yako inachemsha Dodoma? Nunua kwa mpangilio huu

Wakuu wenye 240Z na ndugu zake (260Z, MGB, Celica za zamani), kabla hujatuma hela Gerezani, Dar, uletewe rejeta kubwa ya alumini kwa basi, jiulize kwanza gari inachemsha wapi. Kama mshale wa joto unapanda kwenye foleni ya kutoka Mtumba jioni ila ukishapata barabara nyeupe unashuka, shida iko kwenye feni na vitu vinavyoizunguka. Kama foleni iko poa ila ukiukamata mlima wa Nyang'oro kwenda Iringa mshale unaanza kutambaa, hapo ndo utazame rejeta yenyewe, au hewa inayoikwepa.

Namba moja kwangu, na hapa sibishani na mtu, ni kava la feni (lile linaloizunguka feni nyuma ya rejeta) pamoja na raba za kuziba pembeni. Hewa ni mvivu, ikiona upenyo kati ya rejeta na bodi inapita hukohuko, haihangaiki na mapezi, yale mabati membamba ya rejeta. Na gari nyingi za hivi zimeshanyooshwa bodi, kava likatupwa zamani kwasababu lilikua linamzuia fundi kufikia wota pampu. Washa injini, iache sailensa bila kukanyaga mafuta, chukua kipande cha tishu ukipitishe mbele ya rejeta: kikinata katikati af kwenye kona kinaning'inia tu, ujue feni inavuta kiduara chake na kona zote nne zimekaa bure. Kava la plastiki unaweza kuagiza, ila fundi bati anayejua kazi anakukunjia la alumini ya mm 1.5. Mwambie mapanga ya feni yakae nusu ndani nusu nje ya mdomo wa kava, na pembeni iachwe nafasi inayokaribia inchi 1, injini inacheza kwenye maunti zake ujue. Kuzunguka rejeta ziba na raba za sponji kama zile za milango, juu, chini na pembeni, usiache hata sehemu ya kupitisha kidole.

Namba mbili feni klachi, ile ya katikati ya feni inayoishika injini ikipata moto na kuilegeza ikipoa. Zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono: ikijizungukia yenyewe raundi kadhaa bila ubishi, au ukiona mafuta yamevujia usoni kwake, imekufa. Nunua mpya, za used ni kubahatisha maana hujui imekaa juani miaka mingapi.

Namba tatu mfuniko wa rejeta, hauhusiani na hewa ila ni rahisi mno kuuacha. Mji wetu uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, mfuniko mzima wa psi 13 unakuongezea kama nyuzi 20. Raba yake ikikauka, hizo 20 huna.

Rejeta naiweka namba nne, tena kwa masharti. Usiku weka tochi nyuma yake uchungulie kwa mbele, kama mwanga hautoki hilo ni vumbi na wadudu, puliza kwa upepo kutokea upande wa injini na usimruhusu kijana wa kaoshi ailenge kwa presha, mapezi yatalala yote. Ya shaba ikiwa imeziba ndani, fundi rejeta abadilishe kati yake, yaani ile sehemu ya mirija na mapezi. Alumini ni nzuri na nyepesi, ila bila kava umenunua urembo.

Feni ya umeme ya mwisho. Ya inchi 16 inaweza kula amp 20 na zaidi, na alteneta nyingi za enzi hizo hazina ziada ya kuchezea, taa ukiwasha na feni ikiingia utaona zinafifia. Ukiitaka kweli basi ichukue yenye kava lake, ikae nyuma ya rejeta ikivuta, maana ikikaa mbele inaziba hewa ukiwa kwenye mwendo, na iwe na rilei na fyuzi yake, sio kuungwaungwa kwenye waya wa taa.

Hela usiyopaswa kutoa kabisa ni ya zile washa za kunyanyua boneti kwa nyuma. Pale chini ya kioo cha mbele hewa inajirundika gari ikitembea, kwahiyo badala ya joto kutoka, upepo unaingia na kuisukuma ile hewa ya rejeta irudi ilikotoka. Na fundi akikwambia atoe themostati (ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) "ili maji yazunguke vizuri", mwambie airudishe.